Kiatu cha Kushoto

Jalada lilinifikia Jumatatu, uzi wake umelegea.
Karani wa Mahakama ya Mwanzo kaandika kwa wino wa buluu:
afisa ustawi akague nyumba zote mbili,
alete taarifa kabla ya tarehe kumi na nne.
Mtoto: Mwanaidi Rajabu.
Umri: miaka sita na miezi kumi.
Hiyo miezi kumi ilikuwa imepigiwa mstari mara mbili,
kwa kalamu mbili tofauti.
Chini ya saba, sheria humtazama mama kwanza.
Ikitimia saba, baba anasema, na mimi nitazamwe.
Kila mmoja ana kalenda yake.

Nikapanda baiskeli.

Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tano,
chumba kimoja, uani kwa wapangaji sita.
Nikahesabu, ndiyo kazi yangu:
kitanda kimoja, chandarua kimoja,
ndoo tatu, moja ina ufa uliozibwa kwa sabuni.
Zaina hakulia. Mikono ina unga wa dengu,
akanifungulia kadi ya kliniki,
chanjo zote zimetimia.
"Andika," akasema, "nani alikesha na hizi homa."
Nikaipitia fomu juu hadi chini.
Kukesha hakuna mahali pake.
Nikaandika: Afya, nzuri.

Chini ya meza ya bagia,
kiatu cha shule, cheusi, cha kulia.

Makorora, bati jipya, sakafu ya saruji,
kitanda cha mtoto bado kimo ndani ya nailoni.
"Kimenunuliwa juzi?"
"Jana," akasema Rajabu,
mtu mkweli kwenye mambo madogo.
Dada yake kaletwa kutoka Muheza
ili nyumba ionekane ina mwanamke.
Akanimiminia chai, akanikumbusha mara tatu
kwamba damu haiwi maji, na mtoto ni wa ukoo.
Nilikuwa nimeshamchoka, nikainua macho:
kwenye msumari, kichana na riboni mbili.
"Nani humsuka?"
Rajabu akatazama viganja vyake vya fundi gereji.
"Nilijifunza kwa kumwangalia mama yake.
Mistari yangu hupinda."

Sikuandika kitu. Nilikunywa chai ikaisha.
Nyuma ya mlango, kiatu cha shule,
cheusi, cha kushoto.

Shuleni mwalimu mkuu akanipa ofisi yake.
Mwanaidi aliingia na kandambili.
"Wiki ya tatu hii," akanong'ona mwalimu, "na wazazi wote wawili wana kazi!"
Swali la kwenye fomu ni moja,
Ungependa kukaa na nani?
Nimeliuliza watoto wengi. Wengi hutazama dirisha.
Safari hii nikauliza: "Viatu viko wapi?"

Akanipima, kama muuza duka apimavyo mkopaji.
"Nikiacha vyote kwa mama, baba hana cha kuuliza.
Nikiacha kimoja huku, kimoja kule,
Jumapili usiku wanapigiana simu."
"Wanasema nini?"
"Baba anasema, kiatu kiko kwako?
Mama anasema, kiko.
Halafu wananyamaza. Siku nyingine wananyamaza sana.
Halafu vocha inakwisha."

Wanasema fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi.
Hii nyasi ilikuwa imejifunga fundo
iwakwaze wote wawili, waangukie pamoja.

Usiku nikakaa na taarifa mezani, umeme ukaenda, ukarudi.
Makazi ya mama: madogo, safi.
Makazi ya baba: yanatosha.
Napendekeza mtoto akae na mama,
baba amchukue Ijumaa, amrudishe Jumapili kabla ya magharibi,
atoe matunzo kila mwezi.
Ndivyo ilivyosomwa baadaye, karibu neno kwa neno,
na hakimu mwenye mafua.

Ila chini kabisa, penye "Mengineyo",
kuna mistari miwili mitupu.
Hapo niliandika, kwa mwandiko wangu mzuri wa kazini:
Wazazi wanunue jozi ya pili ya viatu.

Nikaisoma.
Nikaikata. Nikaikata tena,
mpaka karatasi ikatoboka.