Kipande cha Kujaribia

Mimi ni fundi cherehani, Ngara, chumba cha nyuma,
na kidevuni mwangu kuna nywele kumi na moja.
Nazijua kwa idadi, kama mwenye duka anavyowajua wadeni.
Kila alfajiri nazing'oa kwa kibano
mbele ya kioo cha wateja;
nazo, kwa jeuri, hurudi na vipele na madoa meusi.

Mwaka juzi nilimshonea Mumbua gauni la harusi.
Mara mbili tulipima shingo wazi.
Mara ya tatu alikuja na skafu, Februari,
jua la kupasua mawe,
akasema, "Fundi, niwekee kola. Ndefu."
Sikuuliza. Skafu aliifungua mwenyewe:
mistari sita chini ya taya, sambamba,
kama alama za pasi iliyosahauliwa juu ya hariri.
Walimwambia mwanga hauchomi.
Nikashona kola ya lesi, sentimita tisa.
Watu wakasifu mtindo.

Kwa hiyo akiba ilipotosha, sikutanguliza pesa.
Nilitanguliza macho.

Kilimani: okidi nyeupe, maji yenye vipande vya tango,
binti wa sauti ya asali: lipa tano, ya sita bure,
ofa inaisha leo saa kumi na moja.
Nikaweka mkono wangu mezani, mweusi tii.
"Mashine yenu ni ya aina gani, kwa ngozi hii?"
"Ni ya kisasa, mama."
Kisasa si jibu.
Cherehani yangu ya kisasa ndiyo iliyonidunga kidole.

Moi Avenue, ghorofa ya nne,
kati ya duka la mawigi na mpiga picha za pasipoti:
kijana mpole, nusu bei.
Cheti kilikuwepo, ukutani: mafunzo ya siku mbili,
jina limeliwa na jua.
Miwani ya kukinga macho ilikuwa moja.
"Nani huivaa, wewe au mteja?"
Akacheka.
Nikashuka ngazi zote nne.

Parklands: viti vilivyopasuka, foleni, televisheni bila sauti.
Daktari Kerubo hakunisifu wala hakunikaripia.
Aliuliza yeye.
Unameza dawa gani? Hedhi inafuata mpango?
Umewahi kujipaka mkorogo? Usinifiche.
Akanigeuza sikio, akaona kovu lililovimba kama punje ya mahindi
pale nilipotoboa nikiwa darasa la nane.
Akanyamaza. Akaandika.

"Na nikiungua?"

Akafungua kompyuta: shavu la mtu, macho yamefunikwa.
"Huyu aliungua hapa. Mikononi mwangu. Nilizidisha nguvu."
Akaeleza alivyomtibu, miezi mingapi,
na alichobadilisha tangu siku ile.
Sijawahi kuona muuzaji
akikutandazia kitambaa upande wenye tundu.

Mimi najua: moto wa pamba huila hariri.
Shifoni ya mtu siigusi kabla sijachukua kipande
cha pindoni, kisichoonekana,
nikakipitishia pasi, nikangoja.
Wenye haraka huenda kwa fundi jirani,
kisha hurudi kwangu na kiraka.

"Leo nukta moja tu," alisema daktari,
"na damu ipimwe; huenda nywele hizi zina mzizi kwingine.
Uache kuzing'oa. Nyoa. Rudi baada ya wiki sita."
Nukta yenyewe, nyuma ya taya, ndogo kama dengu.
Iliuma kama mpira wa kufungia pesa ukifyatuka.

Nimerudi Ngara na nywele zangu zote kumi na moja.

Jana Mumbua alileta sketi ipunguzwe kiuno.
Nikamwonyesha.
Akavaa miwani yake ya kusomea, akaitazama nukta kwa muda mrefu
kama mtu anayesoma barua iliyopaswa kumfikia yeye.
"Mimi hawakunijaribu," alisema. "Hata kidogo."

Pasi ilikuwa imeshapata moto.
Nikaizima.