Themanini na Tatu na Nusu

Kazi yangu ni kuandika namba.
Bi Aikaruwa anaizunguka meza,
vikombe ishirini, kijiko kimoja, ndoo ya kutemea.
Anafyonza kwa sauti kali kama anayechana kanga mpya,
anatema, anatazama ukuta,
nami nasubiri, penseli mkononi.

“Themanini na tatu na nusu.”

Hiyo nusu inatoka wapi?
Nimesoma takwimu miaka mitatu,
nimefundishwa kuitilia shaka namba iliyonyooka mno.
Lakini hii nimeiona ikizaliwa:
bega la kushoto linashuka,
jicho linafumba kidogo,
halafu kimya, kimya cha maji
yanayotafuta njia kwenye mfereji wa Kibosho.
Namba ndiyo ya mwisho kufika,
imechana nywele, imevaa viatu,
inajifanya ndiyo iliyobisha hodi.

Siku moja nilimbana. Mama, nipe kanuni.
Akaniuliza: kwenu Pasua
chumvi ya maharage mnapima gramu ngapi?
Tunaonja tu, nikasema.
“Na pa kuishia, ulifundishwa na nani?”

Mpaka leo sijamjibu.

Kisha ikaja sampuli ya kumi na saba, kutoka Uru.
Alifyonza mara moja, akaweka kijiko chini.
“Hii imelia.”
Fomu ina harufu, ina uchachu, ina uzito,
ina ladha inayobaki kooni.
Kilio hakina kisanduku.
“Andika hivyohivyo. Neno lake nitalitafuta.”

Akalitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo gizani,
kwa vidole, si kwa macho.
Nyuma ya kalenda akachora chanja,
akachora mvua ya usiku, akaifuta,
akachora turubai,
akachora mkono wa kugeuza buni, kisha akaukata mkono huo.
Hapo ndipo alipopiga simu.
Ndekirwa akajibu kwa sauti ya chini:
ni kweli, siku mbili hapakuwa na mgeuzaji,
nyumbani kulikuwa na msiba.

Usidhani namsimulia mganga.
Mwezi Machi alimzika kaka yake,
akarudi kazini siku ya nne, ulimi umejaa majivu.
Kila kikombe kikapata sabini na tisa,
cha Rombo, cha Marangu, hata kile
ambacho mimi mnywa chai nilijua ni kitamu.
Nikachora mstari wa wiki sita, nikampelekea,
mstari umeanguka kama ndoo iliyokatika kamba.
Aliutazama sana.
“Basi kilichoharibika ni mizani, na mizani ni mimi.
Futa wiki yangu. Tuonje upya.”

Nilitembea kwenda nyumbani nikijivuna, hesabu imeshinda.
Nilipofika kwenye reli miguu ikapunguza mwendo:
nani aliyeniambia nichore ule mstari?
Hakuna aliyeniagiza. Nilikuwa sijajumlisha hata safu moja.
Ilikuwa ni baridi tu, hapa, nyuma ya shingo,
asubuhi ile aliposema sabini na tisa
na bega lake halikushuka.

Meneja alirudisha fomu ya kumi na saba,
wino mwekundu pembeni: *Tumia lugha ya kitaalamu.*
Nikafuta *imelia*.
Nikaandika *dosari ya ukaushaji, uchachu uliopitiliza*,
na ni kweli, kila neno ni kweli,
mnunuzi ataelewa, Ndekirwa atapewa turubai bora.

Lakini siku ile nilikuwa nimekandamiza penseli.
Chukua karatasi ya chini yake,
ile tupu, isiyo na namba,
iegemeze kwenye kioo cha dirisha
mlima unapojifunua kidogo na mwanga kuingia.
Pitisha kidole.