Bei ya Herufi

Hapa Rangi Tatu herufi moja ni mia tano.
Jina ni lako, sikuulizi;
na kinachotangulia jina sikiombei cheti.

Juzi kaja Kondo, aliyekuwa akiuza soli za viatu Zakhem.
Anataka DOKTA. Nikahesabu: tano.
Akautazama ubao, akaona pamebaki nafasi.
"Basi tia na PROFESA," akasema,
kama mtu anayeomba kuongezewa kachumbari.
Chini tukaweka: BINGWA WA HOMA ZOTE.

Nimemchora Mtume aliyejitawaza Jumanne,
Jumapili akarudi tuongeze MKUU.
Nimemchora Injinia
aliyeshindwa kuikunjua ngazi yangu.
Sicheki. Herufi hazina ukoo.
S ya profesa ndiyo S ya samaki,
nikiipinda vibaya mtaa mzima unaona.

Na mimi je? Juu ya kibanda changu imeandikwa
MSANII WA KIMATAIFA.
Kimataifa! Mwisho wa safari zangu ni Kibiti,
tena msibani.

Kisha zikaja mvua za Aprili.
Zamda wangu akashikwa na homa, saa nane usiku,
meno yanagongana kama vikombe kwenye sinia,
na barabara ya hospitali imekuwa mto.
Nikambeba, nikakata vichochoro,
mpaka taa moja ikaniangazia ubao:
DOKTA PROFESA KONDO.
Nikausoma wote, polepole,
kama sikuuandika mimi.
Moyo ukatulia. Wallahi, ukatulia.

Mkono umeshainuka kubisha hodi
ndipo nikauona, kwenye Z ya ZOTE,
unywele wa brashi yangu
umegandia rangini tangu siku ile.

Nikaushusha mkono.
Nikaingia majini, maji kiunoni,
mtoto mabegani, viatu sijui vilikwenda wapi.

Muuguzi alikuwa na jina moja tu kifuani,
la kalamu, nusu limefutika: Mwanaidi, au Mwanaisha.
Akamgusa Zamda shingoni, akamfunua kope.
"Ana nini?" nikauliza. "Ni malaria? Ni nini?"
"Sijui bado," akasema,
huku anatafuta mshipa. "Tumpime damu."

Kwa mazoea nikahesabu, pale pale kwenye benchi,
nguo zinanidondoka maji:
herufi tisa.
Miaka kumi na minne nachora,
hajaja mteja wa kuniagiza hizo.