Kupimwa Upya

Kazi yangu ni mizani. Ghala la Tandahimba,
mwezi wa kumi, msimu ukifunguliwa,
nasimama kando ya bamba la chuma na daftari la chama cha msingi,
naita: themanini na mbili, punguza, funga, shona.
Wakulima wananiamini. Sijawahi kuiba hata kilo moja
ila zangu mwenyewe.

Zangu niliziiba miaka saba iliyopita, Dar es Salaam,
kwa matundu matano madogo
na pesa ya ekari mbili alizoniachia baba.
Tumbo wakaliacha jembamba kama ndizi moja.
Kilo hamsini na moja ziliondoka bila kuaga.
Niliporudi, Mwanahamisi aliitazama shingo yangu,
akanivuta uani, akauliza kwa sauti ya chini
kama nimeanza dawa.

Sasa zinarudi, na hazibishi hodi.
Mbili kwenye msiba wa shangazi.
Nane kwa mimba ya Hamdani, akatoka yeye, zikabaki zenyewe.
Nyingine sijui zilipitia mlango gani.
Na usiku moto unapanda kifuani hadi kooni,
nalala nimekaa, mito mitatu mgongoni,
nasikia mbwa wa sokoni wakibadilishana zamu.

Daktari alinichorea nyuma ya bahasha:
hapa tutakata tena, hapa tutaunganisha na utumbo,
kiungulia kitaisha, uzito huenda ukashuka.
Nyumbani nilichukua kalamu ya daftari la chama
nikalizungushia duara neno *huenda*.
Alisema pia kwamba kovu la kwanza
huifanya kazi ya pili kuwa ngumu.
Alisema akitazama saa. Lakini alisema.

Mama mkwe anasema nilishindwa kufunga mdomo.
Anayasema hayo akinisogezea ming'oko,
na nikikataa ananuna siku mbili.

Mwaka juzi gunia la Bi Litunu lilipimwa mara ya pili,
likazidi kilo tatu kuliko stakabadhi.
Hakuna aliyelitukana.
Hakuna aliyesema lilikuwa linakula usiku.
Tulizamisha mkono, tukapima unyevu,
tukakata korosho chache kuona kiini,
kikatoka cheupe, kizima.
Nikaandika: limevuta unyevu ghalani.
Nikaandika uzito mpya, nikapiga muhuri, basi.

Mimi nani atanipigia muhuri?

Ekari iliyobaki ni moja na nusu.
Hamdani anaanza darasa la kwanza Januari,
na hajui kwamba sare yake na tumbo langu
vinagombea mikorosho ile ile.
Miwili kati yake mjomba aliikata shina ikiwa mizee,
msumeno mmoja, asubuhi moja,
akaibebesha vikonyo vipya, akaifunga kwa nailoni.
Mmoja ulikaa kisiki mwaka mzima, tukaucheka,
leo unatupa gunia mbili.
Mwingine ulikufa umesimama.
Nimemuuliza mjomba kosa lilikuwa wapi.
Amesema hakukosea popote.

Jana wapagazi walipoondoka
nilivua viatu, nikapanda bamba la mizani.
Chuma kilikuwa bado na joto la mchana,
na vumbi la korosho likanishika nyayo.
Sikutazama. Nilimwita Nambunga, mlinzi,
aje na tochi anisomee.
Akainama, akapangusa kioo kwa mkono wa koti.
"Mia moja na nne," akasema,
kwa sauti ile ile ninayoitumia mimi, isiyo na neno.
Kisha, kwa mazoea, akavuta daftari.
"Niandike wapi?"

Nilitaka kumwambia aache.
"Ukurasa wa nyuma," nikasema. "Andika na tarehe.
Na pale penye jina la mwenye mali,
uniandike mimi."