Likizo ya Urve

Vitabu vitatu juu ya mizani ya jikoni,
pale Urve anapopimia viazi na sukari.
Tartu, mwezi wa Juni, jua halina haraka:
saa nne usiku bado unatunga uzi sindanoni.

Cha kwanza ni vita, kilo moja na robo,
majenerali wengi kuliko wagonjwa wa wodi yake.
Cha pili, ukoo wa wasaga ngano,
jina moja watu saba: babu, mwana, mjukuu, na paka.
Cha tatu chepesi kidogo, ila sentensi ya kwanza
inavuka ukurasa bila kuvuta pumzi.

“Wiki nne tu,” anaiambia birika.
Haba na haba, sawa,
lakini kibaba hiki kina kurasa mia tisa!

Anakifunua cha wasaga ngano.
Tiketi ya basi, imefifia,
ukurasa wa sitini na moja.
Hapo ndipo Heino aliposinzia kila kiangazi,
miaka kumi na mmoja,
na kila mwaka akaanza upya, kwa sauti,
Urve akimenya viazi.

Mwanzo anao kwa ghibu.
Anaketi dirishani,
analamba kidole,
anafunua sitini na mbili.