Ametoroka, Alisema Baba

Siku ya sita Pihka alikataa hata jibini.
Alilaza kidevu kwenye vigae vya jikoni, penye ubaridi,
macho yakinifuata, mkia haunijibu.
Nilimpapasa chini ya taya: matezi
yamevimba kama njugu mawe ndani ya soksi.

"Amekula samaki mbichi?" akauliza Daktari Yoshinaga.
Nikasema hapana.
Mvua ya Nehalem ikagonga kioo, ikauliza tena.
Nikasema: ngozi tu. Kipande, upana wa kiganja,
nilipokuwa nikimpasua samoni wa jirani
naye kakaa wima, mate yananing'inia, adabu tele.
Nani angemnyima?

Akanichorea nyuma ya risiti.
Konokono wa mtoni, mdogo kuliko ukucha.
Ndani ya konokono, mnyoo. Mnyoo humhama konokono,
humwingia samaki, hujikunja kwenye figo, husubiri.
Na ndani ya mnyoo, abiria mwingine
asiyeonekana, asiyelipa nauli.
Dubu hula akalala. Rakuni hula akanawa mikono.
Mbwa na jamaa zake ndio hutozwa.
"Moto ungemmaliza," akasema. "Friza pia, kwa mwenye subira."

Nikamwambia: baba yangu aliwatupia mbwa vichwa vya samaki
kila vuli, miaka arobaini, wala hakuna aliyekufa.
Nikaisikia sauti yangu ikikwama hapohapo.

Kwani Musti alikwenda wapi?
Ametoroka, alisema baba.
Na Repo? Ametoroka, kaona kulungu.
Na Tuisku, aliyeogopa kivuli cha lango,
naye alitoroka, Novemba, usiku, mvua ikinyesha?

Nilikuwa na miaka tisa. Nilibandika picha yake posta.
Nikaliacha bakuli kibarazani hadi likashika barafu.
Na sepetu bandani, nakumbuka sasa,
ilikuwa imeoshwa.
Baba, ambaye hakuwahi kuosha sepetu.

Sijui kama aliijua sababu.
Mwisho aliujua, akaubeba peke yake,
vuli ikirudi akatupa kichwa kingine.

Dripu siku tatu. Vidonge ndani ya siagi.
Leo alfajiri Pihka ameinuka, miguu inabishana,
akalifikia bakuli, akalamba maji mara moja.
Nikangoja.
Mara ya pili.

Jikoni, kichwa cha samoni kinatokota tangu jana jioni.
Nyama imeachana na mfupa, mfupa umelainika,
jicho limekuwa chokaa.
Hakuna atakayekila.
Naongeza maji, narudisha kifuniko.