Dakika Mbili

Kazi yangu ni saa.
Nimeketi pembeni mwa jukwaa, ukumbi wa shule, Brooklyn,
Jumanne ya mvua ya barafu,
na kila ajaye kwenye kipaza sauti nampimia dakika mbili:
kijani, njano, nyekundu,
kisha kengele, ndogo kama ya baiskeli ya mtoto.

Swali lililo mezani ni kongwe kuliko meza:
reli ichimbwe chini ya barabara ya Utica
ifike kusini, kule ambako ramani inakoma
na watu hawajakoma,
au fedha iliyopo izibe kwanza zinazovuja?

Ghislaine Desrosiers, muuguzi wa zamu ya usiku, hasomi karatasi.
"Treni hunifikisha mwisho wake, si mwisho wangu.
Kisha basi. Basi hakuna. Kisha matatu kwa mpigo,
kama bata na vifaranga. Miaka kumi na tisa.
Pale kituoni nimesimama muda wa kutosha
kuzaa, kulea na kusomesha."
Ukumbi unacheka. Yeye hacheki.
Anakaa kabla sijagusa kitu.

Mzee Ramkissoon amekuja na bahasha.
Ndani, kipande cha gazeti kilichogeuka rangi ya chai,
na bwana mwenye kofia ameshika sepetu, anatabasamu.
"Sepetu hii," anauliza, "ilirudishwa ghalani,
au nayo inangoja?"

Mhandisi anajibu kwa tarakimu:
maji ya ardhini, mabomba ya gesi, bilioni kwa kila maili,
na lifti. Ndiyo, lifti, anaapa.
Hapo Oneika Braithwaite anasukuma magurudumu yake mbele.
"Kituo changu kina lifti. Ina na karatasi mlangoni.
Karatasi nimeiona ikibadilishwa.
Msinijengee vituo sita vya kunifungia nje.
Nipeni hicho kimoja."
Makofi. Hata Ghislaine anapiga,
ambaye robo saa iliyopita alivitaka vyote sita.

Mendel Fruchter anauza vitasa:
miaka saba ya shimo mbele ya duka,
nani atanunua kufuli nyuma ya ua wa mabati?
Anselm Pascall ni mpangaji, ghorofa ya tatu:
"Mkileta treni, kodi itashuka nayo kituo cha kwanza.
Treni njoo, mpangaji ahame."
Nyekundu. Kengele. Anaendelea. Kengele.
Naichukia mikono yangu.

Wa mwisho hakuandika jina, ila herufi: T.
Koti la kazi, viatu vyenye chokaa.
Anashika kipaza sauti, na hasemi.
Kijani. Mwenyekiti anakohoa.
Wajumbe wanatazama simu, wanatazama dari,
mmoja anainama kidogo kuuchungulia mlango,
vile vile mtu anavyochungulia giza la njia
kutafuta taa mbili.
Njano. Kiti kinalia. Hakuna anayejua aweke wapi macho.
Nyekundu, na kidole changu kinagoma.
Anapiga kengele mwenyewe, kwa kucha.
"Hizo zilikuwa mbili," anasema.
"Kwangu huwa arobaini."

Hakuna kilichoamuliwa. Imeandikwa: "maoni yamepokelewa."

Nje, wote tuko kituoni, mabega yakigusana,
na mjadala umepamba moto bila mimi,
Fruchter akimkatiza Pascall, Oneika akimkatiza Fruchter,
mhandisi, shingo ndani ya kola, akiulizwa anaishi wapi.
(Kusini. Mbali zaidi yetu. Hakuwa amesema.)
Chini ya wavu wa chuma nyayo zinatetemeka:
treni imefika mwisho wake na inageuka.
Ramkissoon ameficha gazeti lake ndani ya shati.

Mwangaza kwenye kona. Tunanyamaza, tunajipanga.
Basi linakuja, jeupe kwa taa zake zote,
viti vitupu vimepangwa kama meno,
na juu ya kioo, kwa herufi za njano:
HALIPAKII ABIRIA.